"Bei Njoo Inboksi" Ndiyo Inakumaliza

Wasee wa kuuza viatu na nguo mtandaoni, leo ni nyinyi. Mnalia biashara imekufa, eti wateja hawana doh. Hapana. Mteja ameuliza bei mbele ya watu, ukamwambia "njoo inboksi". Amekuja, umesoma ukanyamaza mpaka jioni. Halafu: "Tuma pesa kwanza, hairudishwi." Na unashangaa akienda Gikomba?

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya biashara, lakini hesabu hii naijua. Kumpata mteja mpya kunakula pesa: tangazo, bando, siku nzima ya kupiga picha. Yule aliyenunua jana ushamlipia. Akirudi mara ya pili, ya tatu, faida iko hapo. Sasa wewe unamblock juu aliagiza saizi 42 ukamtumia 40, na akathubutu kusema.

Amazon ilianza kuuza vitabu 1995. Mwaka wake wa kwanza mzima wa faida ulikuwa 2003. Katikati hapo ilikuwa inarahisisha tu: bei unaiona, maoni ya wanunuzi unayasoma, unabonyeza, mzigo unafika, ukiwa mbovu unarudisha. Hapa kwetu M-Pesa iko tangu 2007 na boda ziko kila stage. Kinachokosekana ni heshima.

Najua mtasema Jumia ina hayo yote na bado inapata hasara. Sawa, hiyo ina uzito. Iliingia soko la hisa la New York 2019 na mpaka 2024 haikuwa imefunga mwaka hata mmoja na faida. Ile huduma yake ya chakula ilifungwa 2023. Kumfikishia mtu mzigo mlangoni ni gharama, na ukiahidi kupeleka bure kitu cha mia mbili, umejichimbia mwenyewe. Mwambie nauli ni ngapi, alipe, hakuna shida. Lakini wewe huna maghala wala malori ya kulisha. Kuandika "1,800, saizi 38 hadi 43" ni bure kabisa!

Na hiyo "hairudishwi" uliyobandika kwa profaili, soma Katiba, Kifungu cha 46. Mnunuzi ana haki ya bidhaa ya ubora unaofaa, na ya kulipwa fidia bidhaa mbovu ikimtia hasara. Hakuna mahali pameandikwa isipokuwa duka lako.

Wanunuzi nanyi, mkiona "njoo inboksi", piteni.