Kijana, telefone yako na siku sita za Kisangani



Siku moja ya mwezi wa Juni, kisha ibada, kijana mumoja wa korali alinionyesha video katika telefone yake. Ilikuwa ya dakika moja tu. Niliona nyumba zimebomoka, halafu daraja ya Tshopo, halafu mama anayetembea na magongo. Juu ya picha zile aliweka muziki ya dansi ya siku hizi. Nilikasirika. Nikamuambia: "Mutoto, watu walikufa pale, na wewe unawapigia dansi?" Akanyamaza, akaweka telefone mufukoni.

Mama mumoja wa kanisa letu, aliyepoteza mutoto wake katika vita vile, alikuwa anasikia. Akasema: "Pasta, usimukataze. Mwaka 2000 huyu alikuwa hajazaliwa. Weye ulishahubiri juu ya ile vita mara ngapi?"

Sikupata jibu. Ndiyo maana ninaandika leo.

Ninyi munaokaa mbali, kwenye migodi ya Kolwezi ao Watsa, pengine hamujui mambo yale vizuri. Tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana katikati ya muji wa Kisangani. Yote mawili yalikuwa ya wageni, tena mbele yalikuwa rafiki. Yalirushiana mabombe zaidi ya 6.000 juu ya vichwa vya raia. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa walikadiri watu 760 waliokufa na karibu 1.700 walioumizwa, na wengine wanasema wafu walipita 1.000. Nyumba zaidi ya 4.000 ziliharibika. Hata kanisa kubwa la Wakatoliki lilipigwa. Ninyi wachimbaji mutafahamu upesi sababu moja: almasi. Kisangani ilikuwa soko ya almasi, na kila jeshi lilitaka kuishika.

Sasa, vijana wanakata picha za zamani, wanaziunga na wimbo mupya, wanatuma kwa WhatsApp na TikTok. Wanaita remiksi. Sisi wazee tunafikiri ni muchezo. Lakini tazameni filme ya Dieudo Hamadi, mutoto wa Kisangani, ya mwaka 2020, inayoitwa En route pour le milliard. Ni habari ya walemavu wa vita vile walioshuka muto mpaka Kinshasa kudai haki yao. Ndani yake wanasimama jukwaani na kucheza mateso yao wenyewe kwa teatre na nyimbo. Wenye vidonda ndio walioanza! Kijana wetu amefuata nyayo zao tu.

Tena mulikumbuka wachezaji wetu Abidjan, tarehe 7 Februari 2024? Wakati wa wimbo wa taifa, mukono mumoja ulifunika kinywa, vidole vya mukono wa pili vilikuwa kama bunduki kwenye kichwa. Hawakusema neno, lakini picha ilizunguka dunia kwa njia ya telefone.

Lakini kuna jambo zito. Tarehe 9 Februari 2022 Korti ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Congo milioni 325 za dola: 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa ajili ya mali ya watu, na 60 kwa ajili ya utajiri wa inchi uliochukuliwa. Congo iliomba zaidi ya miliardi 11. Waamuzi walisema ushuhuda uliopelekwa hautoshi kwa kuhesabu wafu kwa hakika. Munaona, ndugu? Machozi tulikuwa nayo, lakini majina na tarehe hatukuandika vya kutosha.

Soma Yoshua sura ya 4. Israeli walibeba mawe kumi na mawili kutoka katikati ya Yordani, yawekwe mahali watoto watayaona na kuuliza. Mawe yalihamishwa, yakapangwa upya, lakini yalikuwa mawe ya kweli ya muto ule. Basi kijana, remiksi yako iwe hivi. Andika tarehe na mahali. Usichukue picha ya vita vya pengine na kusema ni Kisangani, sababu uongo mumoja unaharibu ushuhuda wa watu mia. Mutu akikuonyesha kovu lake, omba ruhusa mbele ya kulipiga picha. Na usitumie picha zile kwa kumuchukia jirani juu ya luga yake ao kabila yake. Tunakumbuka ili haki ipatikane, hatutafuti kisasi.

Kijana yule alikwenda kukaa na mama yule kutwa nzima. Siku ya pili alinionyesha video tena. Chini ya picha kulikuwa jina la mutoto aliyekufa, miaka yake, na jina la avenue alipoangukia. Muziki hakuitoa. Mama ameiweka katika telefone yake na anaionyesha wageni.

Maulizo kwa jamaa: Katika nyumba yenu, nani aliona vita kwa macho yake? Watoto walimuuliza lini? Nani ataandika majina mbele huyo muzee hajalala?

Bwana awabariki.