Tusizuru visiwa vyetu kwa matanga tu

Nilipomwarifu jirani yangu hapa Kangemi kwamba ningesafiri hadi kisiwa cha Mfangano, aliuweka chini mtungi wa maji aliokuwa ameubeba, akavua kofia na kuniuliza kwa upole: "Pole sana, mzee. Ni nani aliyetutoka?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyefariki. "Basi ni harusi?" La, si harusi. Nilitaka tu kukiona kisiwa. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayedai kuwa amepona.

Swali hilo hilo niliulizwa na utingo wa basi katika kituo cha Machakos, na tena na nahodha wa mashua pale Mbita. Mtu mzima, mwenye mkoba mmoja, asiye na jeneza la kusindikiza, asiye na semina wala kampeni za siasa, ana haja gani na kisiwa cha wavuvi mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikianza? Ningekuwa Mzungu hakuna ambaye angeuliza. Mzungu hutembea, Mwafrika huenda mahali kwa sababu.

Sina nia ya kuwacheka walioniuliza. Swali lao lina historia, na sehemu ya historia hiyo iko katikati ya jiji letu. Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Nyumba yake ilikuwa Lavington, mwendo mfupi tu kutoka hapa ninapoandika. Maiti yake ilisafirishwa hadi kisiwa cha Rusinga, alikotoka baba yake, na umati wa watu ulijipanga njiani kumlilia. Barabara iliyokuwa na jina la Malkia Victoria ikapewa jina lake. Ziwa lenyewe limebaki na jina la malkia mpaka leo, na sijamsikia mbunge hata mmoja akilalamika.

Njiani nilipitia Rusinga kwanza, kwa kuwa siku hizi daraja hukuvusha kutoka Mbita. Kaburi la Mboya liko Kasawanga, ndani ya jengo lililoundwa kwa umbo la risasi. Nilisimama pale peke yangu karibu nusu saa nzima. Wakati huo huo, bila shaka, mamia ya watu walikuwa wakipita mbele ya sanamu yake iliyozinduliwa mwaka 2011 jijini, wengine wamekaa chini yake wakila njugu na kuwangoja rafiki zao. Ni wangapi kati yao wanaoweza kukionyesha kisiwa hicho kwenye ramani?

Kisiwa hicho hakikutupa Mboya peke yake. Mwaka 1948 Mary Leakey alifukua hapo fuvu la mnyama wa kale wa jamii ya nyani, aitwaye Proconsul, na habari zake zikaenea duniani kote. Fuvu lilipelekwa London, na ilichukua miaka mingi kabla halijarejeshwa Kenya. Liliporudi, lilirudi Nairobi. Sisemi kwamba fuvu la thamani namna ile liwekwe katika kibanda cha mabati ufukweni. Nasema tu kwamba tumezoea njia ya upande mmoja: vilivyo bora huja kwetu, nasi huwarudishia wenyewe marehemu wao.

Mfangano haina daraja. Tulivuka kwa mashua ya mbao yenye injini, tumebanana na magunia ya unga, kreti za soda, na mbuzi mmoja ambaye alionekana kuwa mzoefu zaidi yangu. Ziwa hili si la mchezo. Mawimbi huinuka ghafla, na ni abiria wachache tu waliojishughulisha kuvaa majaketi ya kuokolea maisha. Nilivaa langu, nikachekwa, nikaliacha mwilini hivyo hivyo.

Usiku wa kwanza nilitoka nje ya chumba nilichokodi, na nilichokiona kilinifanya nisahau usingizi. Hapakuwa na mwezi, na ziwa lote mbele yangu lilikuwa na taa, safu kwa safu, mfano wa mji mkubwa ulioelea. Walikuwa wavuvi wa omena. Omena hufuata mwanga, kwa hiyo huvuliwa katika usiku wa giza; zamani kwa karabai, siku hizi zaidi kwa taa za betri na za nguvu ya jua. Kulipokucha mashua zikaja ufukweni, na kazi ikaingia mikononi mwa wanawake.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo miaka yangu yote ya kula omena haikunifunza. Sisi wa Nairobi hulalamika kwamba omena wana mchanga. Tunawaosha mara tatu, mara nne, huku tukimlaumu mchuuzi. Mchanga huo hautokani na uzembe wa mtu. Omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, na huhitaji siku moja tu ya jua kali. Asubuhi ile jua lilitoka vizuri. Adhuhuri wingu la vuli likatanda, na mvua ikashuka kabla wanawake hawajamaliza kukusanya. Omena walioloa huanza kuoza, na wakioza bei huporomoka: huenda kwa wanunuzi wa chakula cha kuku badala ya kuja sokoni kuliwa na watu. Mama mmoja aliketi kando ya nyavu zake bila kusema neno. Alikuwa amekopa ili anunue samaki wale.

Na kukopa si ovu kubwa zaidi. Kuna desturi kwenye fuo hizi iitwayo jaboya, ambapo mwanamke hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ndipo auziwe samaki. Kaunti ya Homa Bay, ambayo visiwa hivi ni vyake, ni miongoni mwa zile zilizoumizwa zaidi na UKIMWI nchini. Anayenunua gorogoro la omena Kangemi au Kawangware hawezi kuyajua haya kwa kutazama bei.

Dawa ya mchanga na mvua inajulikana. Ni vichanja vya kuanikia vilivyoinuliwa kutoka ardhini, vyenye paa la plastiki angavu, pamoja na ghala la kuhifadhia. Hivi si vyombo vya kwenda mwezini. Lakini serikali zetu hupenda zaidi kupigia kelele yale yanayoonekana kutoka Nairobi. Mwaka 2018 taifa zima lilijadili samaki wa barafu kutoka China, hata Rais Uhuru Kenyatta akawakemea hadharani. Vizuri sana. Ila sikumsikia kiongozi yeyote akiuliza ni omena wangapi wanaotupwa kwa kuku kila vuli kwa kukosa kichanja.

Najua yupo atakayesema kwamba huu ni utalii wa kutazama umaskini wa wengine. Pengine kuna ukweli ndani yake, kwani mimi nilirudi zangu Kangemi na yule mama akabaki na deni lake. Lakini kisiwa si umaskini tu. Nilipanda hadi kwenye pango la Kwitone, nikaona duara nyekundu na nyeupe zilizochorwa mwambani na watu wa kale, ambao wataalamu huwahusisha na Watwa. Niliwasikia wazee wakizungumza Kisuba, lugha ambayo watoto wengi wameiacha na kushika Kijaluo. Katiba ya mwaka 2010 inaiagiza serikali ilinde lugha za watu wa Kenya. Lugha itakayozimika kisiwani haitasikika ikizimika katika bunge lililo umbali wa usiku mzima wa basi.

Kwa hiyo natoa ombi kwa wale wenye nauli, na hasa kwa wakuu wanaoamua mambo ya ziwa wakiwa ofisini jijini: nendeni mkiwa hamjafiwa. Nendeni bila msafara. Laleni usiku mmoja, mngoje asubuhi ufukweni, na mvua ikinyesha msikimbilie garini.

Wiki iliyopita nilikwenda soko la Kangemi kununua omena. Nilimweleza mama anayeniuzia kila mara kwamba nimetoka Mfangano, nikamsimulia habari za taa. Akafurahi mno, kwani kumbe ndiko kwao. Nikamuuliza alikwenda lini mara ya mwisho. Akafikiri kidogo, kopo likiwa mkononi.

"Mwaka ule tulipomzika mama," akasema.