MAHARAGI YAPIKWE KWA KIKAPU, MBABULA ISILALE NYUMBANI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba unayesomewa ukurasa huu,

Mavuno ya maharagi ya mwezi wa sita na wa saba yakifika, Kingi nzima inanukia chakula kimoja: maharagi mapya pamoja na mahindi, yakatiwa viazi, yakaachwa juu ya moto mdogo hata mchuzi ukawa mzito. Sina ubaya wa kusema juu ya chakula hicho. Kinajenga mwili wa mwenye kupasua mawe kutwa, na mtoto aliyeachishwa ziwa anakifaidi kuliko bugali mtupu. Neno langu ni juu ya moto wake.

Huku milimani maharagi yanachelewa kuiva, na kosa si la mama. Kwenye urefu wa mita 2000 maji yanachemka kwa digri 93 hivi, si 100 kama pwani. Kwa hiyo mama anawasha mbabula usiku. Nje kuna mvua na baridi, basi anaiingiza ndani, anafunga mlango, watoto wanalala karibu nayo. Asubuhi bwana wa zamu ya kwanza anakula maharagi laini. Lakini kuna asubuhi ambapo hakuna anayeamka.

Ninyi nyote mnajua mazuku. Upande wa Sake na Goma, hata mtoto mchungaji anajua kwamba hewa mbaya ya volkano inalala mabondeni na kuua mbuzi, na mtu pia. Ile ni dioksidi ya kaboni. Gazi ya makala ni nyingine, monoksidi ya kaboni: hailali chini tu, inajaza nyumba yote, haina rangi wala harufu. Ndani ya damu inakamata nafasi ya oksijeni, tena kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Wengi wanasema: makala yamekuwa mekundu, moshi umekwisha, hatari imekwisha. Sivyo hata kidogo! Moshi ungewaamsha, gazi hii inawalaza.

Kichwa kikiuma nyumba nzima asubuhi moja, pamoja na kizunguzungu na kutapika, halafu wote wakapata nafuu wakikaa nje, msiseme mbio ni malaria. Mwambieni munganga kama mbabula ililala ndani.

Mimi ninashauri kikapu. Si uchawi wala si kitu kipya. Wakati wa vita vikubwa, mama wa Ulaya walipika hivyo ndani ya sanduku la nyasi kavu. Chukua kikapu kikubwa, ukijaze majani makavu ya migomba, nyasi kavu ao blanketi nzee, unene wa kiganja chini, kandokando na juu. Maharagi makavu yalale ndani ya maji, na maji yale yamwagwe. Mchana, jikoni nje, yachemshe kwa nguvu nusu saa kamili, ndipo sufuria iliyojaa na kufunikwa vizuri iingie kikapuni. Iache masaa manne, usifunue-funue. Jioni ichemshe tena, weka chumvi, mle. Makala mtakayobakiza mtayahesabu wenyewe.

Ile nusu saa ya kuchemka msiipunguze. Maharagi yasiyochemka yana sumu yake, na joto dogo peke yake haliiui: mtu anatapika na kuharisha masaa machache baada ya kula. Na wale wanaotupa vidonge vya parasetamoli ndani ya sufuria ili maharagi yalainike, waache. Dawa ni ya mgonjwa. Hata bikaboneti inaharibu vitamini B1.

Sufuria isilale kikapuni usiku mzima, maana chakula cha vuguvugu ni shamba la mikrobu. Cha asubuhi kigawanywe katika vyombo vidogo, kipoe upesi, kifunikwe, kisha kichemshwe tena nje kabla ya kuliwa.

Sasa ninasema na wanaume. Mbabula inalala ndani kwa sababu wewe unataka chakula cha moto kabla ya jua kutoka, na bibi anaogopa maneno yako. Shimoni unakataa kuingia mahali pasipo hewa, na una haki. Mbona nyumbani unalaza watoto wako mahali kama pale? Kusuka kikapu ni kazi ya siku moja ya mapumziko. Kisuke wewe.

Na ukikuta watu wameanguka nyumbani mwenye mbabula, zuia pumzi, fungua mlango na dirisha, watoe nje upesi. Usiwanyweshe maziwa, usiwamwagie maji. Waletwe dispanseri wote, hata aliyezinduka, na kwanza kabisa mama mwenye mimba, sababu mtoto aliye tumboni anaumia hata kama mama anajisikia mzima.