Hakuna Azaliwaye Mvuvi

Mhubiri mmoja, ambaye umri wake na elimu yake ya dini vinanizuia kumtaja jina, alisimama karibuni mbele ya hadhara mjini Same akatoa waadhi juu ya israfu, na alipokwisha kuwakaripia wafanyao harusi za fahari kwa fedha za kukopa, jambo ambalo sote tulimwitikia, akavigeukia vyuo vya uvuvi, akasema kuwa hivyo ndivyo israfu kubwa kuliko zote, maana Mola aliyemfundisha kozi kuwinda ndiye amfundishaye mvuvi kuvua, na mtoto wa kisiwani huzaliwa na bahari damuni mwake, basi kumjengea darasa ni kuzitupa majini fedha za umma. Watu wakaafiki kwa vichwa. Mimi nilihuzunika, tena nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka hata leo, kwa kuwa neno hili si la mhubiri peke yake: nimelisikia katika mabasi ya Dar es Salaam, nimelisikia mabarazani, na nimelisikia vinywani mwa watu wenye mamlaka ya kugawa fedha.

Hakuna azaliwaye mvuvi. Sisi Wapare tungalipaswa kuwa watu wa mwisho kusadiki kinyume chake, kwa sababu hapana kazi hata moja ya wazee wetu iliyopatikana kwa kuzaliwa. Washana wa Ugweno walifua chuma karne nyingi kabla ya reli kupita Same, lakini mtoto wa Mshana hakutoka tumboni na nyundo: alianza kwa kuvukuta moto, akaonywa, akakosea, akarudia, hata akaaminiwa kushika koleo. Na ndiva ya Manoo kule Bangalala, ambayo hukusanya maji usiku ili yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani kwa zamu, isingalidumu hata masika mawili kama kila kijana angaliachwa aufungue mlango wake kwa kadiri damu yake inavyomwambia.

Wala watu wa pwani wenyewe hawakupata kuiamini hadithi hii. Mtoto wa Kojani, kisiwa cha wavuvi mashuhuri kilicho ubavuni mwa Pemba, huanza kazi kwa kutoa maji ya ngamani kwa upo, na huku akitoa maji huwasikia wakubwa wakitaja vilima vya nchi kavu wanavyovilinganisha ili waupate mwamba ulio chini ya maji, hufundishwa tabia za kusi na kaskazi, hufundishwa bamvua na maji mafu kwa hesabu ya mwezi, na baada ya hayo yote ndipo huenda dago, yaani kambi za uvuvi za ugenini, na wenzake mpaka pwani ya Kenya. Hayo ni mafunzo, yana walimu, na yana mitihani ambayo ashindwaye hubaki ufukoni. Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia wa Bahari ya Hindi, ambaye baba yake na babu yake walikuwa mabingwa wa kazi hiyo hiyo, na kwa hiyo alikuwa na haki kuliko mtu yeyote kudai kuwa bahari imo damuni mwake, aliketi chini karibu na mwaka 1490 akaandika kitabu kikubwa cha nyota, pepo na njia za bahari, ili manahodha wakisome. Kama ubaharia ungalikuwa ni damu, asingalipoteza wino.

Hoja ambayo wavipingao vyuo huitegemea kuliko zote ni ile ya babu: kwamba babu alivua miaka hamsini bila ya cheti. Hoja hii ni dhaifu mno hata naona haya kuijibu, lakini maadamu ndiyo inayorudiwa kila mahali, nitaijibu. Babu huyo ni yule aliyerudi. Waliozama wakiwa vijana hawakuacha wajukuu wa kuwasifu mabarazani. Fauka ya hayo, babu alivua kwa dema na mshipi, katika dau la tanga ambalo halikumpeleka mbali, nyakati ambapo samaki walikuwa wengi na walaji wachache. Mjukuu ana mashine, ana nyavu za nailoni zisizooza, na ana mchuuzi mwenye barafu amngojaye pwani, na aliyerithi maarifa ya dau hakurithi maarifa ya mashine. Na wale waliokuwa wakirusha baruti katika miamba ya pwani ya Tanga, wakiua samaki, makinda na matumbawe kwa mshindo mmoja, walikuwamo wana wa pwani kwa baba na kwa mama. Kama bahari hufundisha yenyewe, mbona haikuwafundisha hao?

Lakini sina haja ya kushuka mpaka Tanga kutafuta ushahidi ambao uko nyumbani. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 mahali ambapo mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana, liliwapa watu wa Mwanga na jirani zao ziwa ambalo baba zao hawakuwa nalo. Samaki wakafurika, mwanzoni mwa miaka ya 1970 mavuno ya mwaka mmoja yalipita tani 20,000, wavuvi wakamiminika kutoka kila upande, kambi zikajengwa ukingoni, kisha katika muda wa miaka michache mavuno yakaporomoka, wala hayakurudi katika kiasi kile. Mtu yeyote aliyewahi kusimama ukingoni wakati kokoro linavutwa anaweza kuiona sababu kwa macho yake, ikiwa amefundishwa kuitazama. Perege dume huchimba kishimo katika mchanga wa maji machache. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani mwake, huyalea humo hata yaanguliwe, na vitoto vyake vikisha kuanza kuogelea hukimbilia kinywa hicho hicho vionapo hatari. Kokoro linapoburuzwa huvifuta vishimo vyote, na jike atupwaye ufukoni huyatema mayai yake ya manjano pale pale, miguuni mwa wavutaji, nao huyakanyaga. Mtu anaweza kuyakanyaga mayai hayo maisha yake yote, akiwa mwana wa mvuvi na mjukuu wa mvuvi, asijue amekanyaga nini mpaka atokee wa kumwambia. Matokeo yake nayaona sokoni Same: mafungu ya perege wakavu wasiozidi urefu wa kidole, mfupa na magamba, ambao mama wa nyumba hununua kwa kukosa wengine. Serikali imepata kulifunga bwawa ili samaki wapumzike, na doria zimekamata nyavu na kuzichoma moto. Lakini aliyechomewa wavu bila ya kuelezwa sababu hununua mwingine.

Na yako mambo ambayo bahari huyafundisha kwa kulemaza tu. Wazamiaji wa majongoo wa bahari, wa Unguja na Pemba, washukao kwa mitungi ya hewa kwa sababu majongoo wa maji machache wamekwisha kuokotwa, wengi wao hufunzana wenyewe kwa wenyewe. Mtu akikaa chini sana, kisha akapanda kwa haraka, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake hugeuka mapovu yakaziba mishipa, na kijana aliyeshuka mzima huweza kupanda amepooza kuanzia kiunoni. Kanuni ya kumwokoa, yaani kupanda polepole na kutua njiani, haihitaji miaka kufundishwa. Babu hakumwachia urithi huo, maana babu alizama kwa pumzi yake.

Mafunzo yakifika, watu huyapokea. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Bukini, walikubali mwaka 2004 kuufunga mwamba mmoja kwa miezi, baada ya kuelezwa kuwa pweza huishi muda mfupi na huongezeka uzito kwa haraka, na ulipofunguliwa walitoa pweza wakubwa. Desturi hiyo imevuka bahari mpaka Kisiwa Panza, Pemba.

Nchi yetu ina vyuo: Mbegani karibu na Bagamoyo, ambacho Wanorwe walikisaidia kwa miaka mingi, na Nyegezi, Kibirizi, Mikindani na Gabimori, vyote chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Lawama yangu si kwamba vipo, bali kwamba mwalimu hakai anakohitajiwa. Chuo cha kuwahudumia wavuvi wa visiwani sharti kiwe na chombo chake na fundi wa mashine, kiwafikie wavuvi wa pweza wakati wa maji mafu, wanapokuwa na nafasi, si wakati wa bamvua miamba inapokauka na kila mtu yuko kazini. Na mlango wake usifungwe kwa cheti cha kidato cha nne mbele ya mtu ambaye alianza kushika kasia kabla ya kushika kalamu. Hapa nawalaumu na wazazi wenzangu wa Upareni, ambao humpeleka chuo cha ufundi mtoto aliyeanguka mtihani tu, tena kwa siri, kana kwamba kujifunza kazi ya mikono ni aibu ya ukoo. Na ndiyo dharau hiyo hiyo aliyoihubiri mhubiri.

Halmashauri za Mwanga na Same zina vijana wanaovua Nyumba ya Mungu, Jipe na Kalemawe. Ziwapeleke baadhi yao Nyegezi kwa gharama ya umma, kisha zimlete mwalimu mmoja akae kambini, si mjini, awakusanye wavuta kokoro na kuwafunulia kinywa cha perege. Asiniambie mtu kwamba fedha hazipo, maana wakubwa wale wale waliotungojesha kwa miaka mingi mno maji ya mradi wa Same, Mwanga na Korogwe, yachotwayo katika bwawa hilo hilo la Nyumba ya Mungu, hawakosi fedha za kuketi hotelini katika semina za uvuvi ambazo mvuvi haalikwi.