Tusiwaachie Mahakimu Peke Yao: Wito kwa Watu wa Tana River

Ndugu zangu wa Garsen, Galole na Bura, tutapiga kura tarehe 10 Agosti 2027. Waheshimiwa, na wanaotaka kuitwa waheshimiwa, wameshaanza kuonekana kwenye harusi na matanga yetu. Kabla hatujawazoea, tuzungumze sisi kwa sisi.

Nianze na mfano wa mbali. Kongo yuko mwanasiasa anayeitwa Vital Kamerhe, mzaliwa wa Bukavu, mtu wa Kiswahili kama sisi. Desemba 2006 alikalia kiti cha Spika wa Bunge la Taifa. Mwaka 2009 alijiuzulu kwa shinikizo la wakubwa wa chama chake, na miaka kumi baadaye akawa mkuu wa ofisi ya Rais Tshisekedi. Aprili 2020 akapelekwa gereza la Makala. Kesi iliendeshwa humo humo gerezani, ikirushwa moja kwa moja kwenye televisheni: zaidi ya dola milioni 48 za umma, za kujengea nyumba 1,500, zilikwenda wapi? Juni 2020 alihukumiwa miaka 20 na kazi ngumu. Juni 2021 ikapunguzwa kuwa 13. Juni 2022 mahakama ikasema hana hatia. Mwaka uliofuata akawa naibu waziri mkuu, na Mei 2024 akarudi kwenye kiti kile kile cha Spika, mpaka Septemba 2025 alipojiuzulu wabunge wenzake walipomgeuka.

Mahakama ilijibu swali la Kamerhe: ana hatia au hana. Swali la mwananchi lilikuwa nyumba ziko wapi, na hilo si kazi ya hakimu kulibeba miaka yote. Ni kazi yetu.

Hapa kwetu, mwaka 2012 tulizika zaidi ya watu mia moja katika mapigano ya Wapokomo na Waorma: Riketa mwezi wa Agosti, Chamwanamuma na Kilelengwani Septemba, Kipao Desemba. Mbunge wa Galole wa siku hizo, Dhadho Godhana, alipoteza unaibu waziri akafikishwa mahakamani kwa shtaka la uchochezi. Alikana, hakutiwa hatiani, na mwaka 2017 kura zikamfanya gavana, 2022 zikamrudisha. Ni haki yake, sina neno. Neno langu ni kwetu sisi. Siku aliposhtakiwa, wengi tulishatoa hukumu kwa kutazama kabila lake, huyu akimfunga na yule akimwachilia, kabla shahidi hata mmoja hajaapishwa. Habari zilipotoka magazetini, tukaacha kuuliza bunduki zile zilitoka wapi. Tume ya Jaji Grace Nzioka, iliyochunguza mauaji hayo, ilitusikiliza. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuishika ripoti yake mkononi?

Wala tusidhani sheria itatuchujia. Kifungu cha 99 cha Katiba kinamzuia kugombea aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi, kisha kinaongeza kwamba hazuiliwi hadi nafasi zote za rufaa ziishe. John Waluke wa Sirisia alihukumiwa Juni 2020, faini au miaka 67, katika kesi ya mahindi ya NCPB, bodi ya taifa ya nafaka. Alikata rufaa, na Agosti 2022 watu wake wakamrudisha bungeni. Kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha nako ni haki yetu kwa Kifungu cha 104, ila mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele vya sheria ya kuitekeleza. Iliyobaki ni kura, na maswali.

Kwa hiyo naomba wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadheda, baraza la Waorma, wakae jamvi moja, na Wardei, Munyoyaya, Malakote, Waata na Wabajuni wawepo, kina mama na vijana wasiachwe nje ya kivuli cha mti. Wakubaliane kwamba hakuna kiongozi atakayejificha nyuma ya kabila lake akiulizwa habari ya pesa au ya damu. Anayeomba kura asimame barazani, ataje kesi zinazomkabili na zilipofikia. Asiyetaka kutaja, asipewe kipaza sauti.

Na wadi sita za Garsen, kutoka Kipini hadi Garsen Kaskazini, kila moja ichague watu wake wa kusoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Isomwe msikitini, kanisani na sokoni, kwa Kipokomo na kwa Kiorma, mradi mmoja baada ya mwingine. Palipoandikwa darasa au kisima, twendeni tukalitazame darasa, tukakichungulie kisima. Ofisi ikikataa kutoa karatasi, Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kuzidai. Barabara ikikatwa na mafuriko huwa tunavushana bila kuulizana ukoo. Na hili tulifanye vivyo hivyo.

Mkiitwa kwenye kikao cha bajeti, msiende kwa ajili ya nauli na soda. Nendeni na ripoti mkononi, Mpokomo na Muorma kwenye benchi moja, na msiondoke mpaka mjibiwe.