Kenya yetu nayo ina nyumba za kale na chakula chake

Mfanyabiashara wa Lubumbashi akisema anakwenda Johannesburg, kila mtu anaijua njia yake: Kasumbalesa, Zambia, Zimbabwe, kisha Afrika Kusini. Anakwenda kununua nguo, vipuri na simu, mara nyingi katika maduka makubwa ya Wachina. Akimaliza, anafunga mizigo na kurudi. Wachache hufika mwisho wa magharibi wa barabara ya Commissioner, mahali panapoitwa Ferreirasdorp, ambako mtaa wa zamani wa Wachina wa mji ule ulianzia. Mimi nilifika. Nilitembea, nikatazama majengo, nikala, na nikarudi nyumbani nikiwa na swali kuhusu komini yetu ya Kenya. Naizungumzia Kenya ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi.

Ukweli ni kwamba anayekwenda Ferreirasdorp akitarajia mtaa mkubwa wenye taa nyekundu atavunjika moyo. Kilichobaki ni kidogo: majengo machache ya zamani, maduka ya vyakula vikavu na viungo, na sehemu za kulia tambi na nyama ya kuchoma ya Kikanton. Lakini historia yake ni nzito. Wachina wa kwanza waliokaa pale walikuwa wauza duka na mafundi waliofika mwishoni mwa karne ya 19, baada ya dhahabu kugunduliwa. Si wale zaidi ya 60,000 walioletwa kwa mkataba kuchimba migodini kuanzia mwaka 1904, maana hao karibu wote walirudishwa kwao kufikia 1910. Wauza duka ndio waliobaki. Mwaka 1907 na 1908, viongozi wao waliungana na Gandhi kukataa sheria iliyowalazimisha watu wa Asia kujiandikisha kwa alama za vidole.

Baadaye kila utawala uliwabana kwa namna yake. Mwaka 1950 ilikuja sheria ya kugawa maeneo kwa rangi. Mwaka 1968 kilifunguliwa karibu yao kituo kikuu cha polisi cha utawala wa ubaguzi, ambacho jina lake, John Vorster Square, liliogopwa nchi nzima. Katika miaka ya 1990 uhalifu uliongezeka katikati ya mji, na Wachina wapya waliokuwa wakifika walifungua mtaa wao mbali, huko Cyrildene. Wazee wengi walihama. Na bado, ukiuliza leo mtaa wa zamani wa Wachina uko wapi, utaonyeshwa. Kwa nini? Kwa sababu kuna mtu bado anapika pale. Watoto na wajukuu waliohamia vitongoji vya mbali wana sababu ya kurudi: kununua viungo, kula, kuonana. Chakula ndicho kilicholizuia jina la mahali pale lisifutike.

Sisi Kongo hatuna mtaa wa namna hiyo. Mwaka 1892 Wachina karibu 500 waliletwa Matadi kujenga reli ya kwenda Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa; wengi walikufa au walitoroka, na hawakuacha mtaa. Wale tunaowaona leo Lubumbashi na Kolwezi wamekuja na migodi ya miaka hii ishirini, hasa baada ya mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008, na wengi wanaishi ndani ya kuta za kampuni zao. Kwa hiyo anayetafuta hapa kwetu mtaa wa kale wa watu walioitwa na madini, wenye nyumba zao na vyungu vyao, asitafute kwa Wachina. Aende Kenya.

Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono. Iliitafuta Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, na hata Rwanda na Burundi. Wakoloni walikaa katikati ya mji. Waafrika waliwekwa ng'ambo ya ukanda mtupu ulioitwa eneo la katikati, uliokusudiwa kuwatenga weupe na weusi. Kamalondo ilitangulia, ikafuatwa na Kenya. Wakati kampuni iliwaweka wafanyakazi wake katika kambi zenye sheria kali, Kenya ilikuwa mahali pa watu waliotaka kuishi nje ya filimbi ya kampuni: mafundi cherehani, maseremala, makarani, maboi wa nyumba za wazungu, wanawake wauza chakula na pombe.

Historia hiyo bado inaonekana kwa macho. Ingia katika avenyu za ndani, mbali kidogo na kelele za soko. Utaona nyumba ndogo za matofali ya kuchoma, bati lililogeuka rangi ya udongo, barza mbele ambapo wazee bado wanakaa jioni, mwembe katikati ya parseli. Hazifanani na kasri, na hakuna aliyesema zifanane. Lakini ni nyumba za kwanza ambazo Mwafrika wa mji huu aliziita zake.

Kisha fuata harufu. Bukari, ambayo Wakasai wanaiita bidia na jirani zetu Wabemba ng'ambo ya mpaka wanaiita ubwali, iko kwenye kila sahani, pamoja na sombe, lengalenga na ndakala. Kuna chikanda, ile inayosagwa kutoka mizizi ya porini na karanga, inayokatwa vipande kama keki. Kuna finkubala waliokaushwa. Kuna munkoyo wa mahindi na mizizi, unaoburudisha kuliko soda yoyote wakati wa joto la Oktoba. Jioni kuna michopo ya mbuzi juu ya makaa. Ukiuliza kila chakula kilitoka wapi, utapata ramani ya watu walioujenga mji huu. Hakuna kitabu cha shule kinachoifundisha vizuri zaidi.

Tatizo ni kwamba ramani hiyo inafutwa. Wazee wanapokufa, warithi wanagawana parseli au wanaiuza. Mnunuzi anabomoa, anajenga depo au vyumba vya kupangisha hadi ukingo wa barabara, na barza inakwisha. Tunapotaja urithi wa Lubumbashi tunataja kanisa kuu, majengo ya posta na ya mahakama, bomba la moshi la Gécamines. Yote hayo yalijengwa kwa amri ya mkoloni. Yaliyojengwa kwa jasho na pesa za babu zetu wenyewe hatuyahesabu.

Najua jibu nitakalopewa. Kenya ina shida ya maji, umeme na mifereji. Nani ana muda wa nyumba za zamani? Hoja hiyo ni ya kweli, na mimi sitaki mtu alazimishwe kukaa chini ya bati linalovuja ili mgeni apige picha. Wala sitaki basi la watalii linalopita kuwatazama watu kama wanyama wa hifadhi. Lakini mama anayeuza bukari na mgeni anayelipa sahani hiyo si jambo dogo. Mgeni akija kwa miguu, akaongozwa na kijana wa hapo hapo, akala hapo hapo, pesa yake inalala Kenya. Mtaa unaoleta kipato ni vigumu zaidi kuupuuza, hata kwa wale wanaopanga bajeti ya mifereji.

Mambo matatu yanawezekana bila kusubiri Kinshasa. Kwanza, komini ishirikiane na Chuo Kikuu cha Lubumbashi na makumbusho ya taifa ya hapa mjini kuorodhesha na kupiga picha nyumba za kale, avenyu moja baada ya nyingine. Ujuzi upo: mradi wa Mémoires de Lubumbashi umekuwa ukikusanya kumbukumbu za wakazi tangu mwaka 2000. Pili, mwenye nyumba anayekarabati badala ya kubomoa apunguziwe kodi ya parseli. Tatu, wasanii wa Picha, ambao wameandaa tamasha la sanaa la mji huu tangu 2008, na vijana wa Kenya waanzishe matembezi ya kila mwezi yanayoishia mezani kwa mama mpishi.

Tukumbuke kwamba watu wa kawaida wa mji huu hawakuisubiri serikali kuandika habari zao. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu cha hapa, kwa niaba ya maboi waliokuwa wakiwatumikia wazungu. Waliona kwamba wasipoandika wao, hakuna atakayeandika. Nyumba nazo ni maandishi, ila zinabomoka haraka kuliko karatasi.

Nilipokuwa Johannesburg nililipia bakuli la tambi na kuketi katika mtaa ambao watu wake walitaka ukumbukwe. Jumamosi ijayo nitakula bukari na sombe Kenya, karibu na barza moja ninayoijua. Njoo nawe, kabla haijageuka depo.