Tumeshinda Old Trafford, lakini ule mkono wa jezi tuufunike

Tumeshinda. Bao 1 kwa 0 kwenye uwanja wa Manchester United, Jumapili tarehe 17 Agosti 2025, mechi yetu ya kwanza ya msimu. Riccardo Calafiori kwa kichwa, dakika ya 13, kona ya Declan Rice, kipa Bayindir akiupangua vibaya. Kiisha hapo tuliteseka. Ukweli usemwe hata kama unauma: Manchester walicheza vizuri kuliko sisi, Dorgu aligonga mwamba, na bila David Raya tungerudi na aibu. Lakini pointi 3 ni pointi 3, tena za ugenini, tena pale.

Mimi ni wa Arsenal tangu msimu wa 2003-2004, ule ambao hawakupoteza mechi hata moja ya ligi. Nasema hivyo mapema ili asitokee mtu wa kusema mwandishi huyu ni Chelsea aliyejificha. Nitakayosema hapa nayasema kama mtu wa ndani ya nyumba.

Hapa Butembo mechi ilianza saa 11 na nusu jioni. Nyumba za video zilijaa mpaka watoto wakakaa chini, mbele ya televizio. Wengi wa wale watoto si wa hapa. Ni wa Kanyabayonga, wa Kirumba, wa vijiji vya Rutshuru, wale tunaowaita madeplase. Wengine wako hapa tangu mwisho wa Juni 2024, Kanyabayonga ilipoangukia mikononi mwa M23. Bao lilipoingia waliruka kama sisi sote, na kwa dakika chache hakuna aliyeuliza nani ametoka wapi. Mimi hilo sitalicheka. Papa mmoja mwenye watoto sita, anayelala kwenye darasa la shule, aliniambia kwamba tangu afike hapa hajawahi kusikia watoto wake wakipiga kelele za furaha namna ile.

Sasa tazameni kilichoandikwa kwenye mkono wa jezi ambayo wachezaji wetu walivaa. Visit Rwanda. Maana yake, njooni mutembee Rwanda.

Yaliwekwa pale 2018. Magazeti ya Uingereza yaliandika wakati ule kwamba Rwanda inalipa pauni milioni 30 kwa miaka mitatu, na mkataba uliendelea baada ya hapo. Kwa miaka hii yote, kila Saka anapokimbia pembeni, kila Ødegaard anapoinua mkono kushangilia, tangazo hilo linaonekana dunia nzima. Ndani ya miaka hiyo hiyo M23 waliamka tena mwishoni mwa 2021, wakachukua Bunagana 2022, Goma mwisho wa Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Wataalam wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti juu ya ripoti kwamba jeshi la Rwanda linasaidia M23 na liko ndani ya nchi yetu. Kigali inakana. Lakini tarehe 21 Februari Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2773, likaiomba Rwanda iache kusaidia M23 na iondoe askari wake Kongo. Hilo azimio halikuandikwa na mtu wa Butembo mwenye hasira.

Kuna ndugu zangu mashabiki wanaonijibu kila mara: mupira ni mupira, siasa ni siasa. Sawa. Basi nani aliyeleta siasa kwenye jezi? Si mimi. Mimi nilipoanza kupenda ekipe hii mkono wa jezi ulikuwa mweupe. Serikali ya nchi ililipa pesa ili jina la nchi likae pale, na serikali hailipi mamilioni kwa sababu inapenda krosi za Saka. Inanunua jina zuri. Mtu akisikia Rwanda afikirie gorila na hoteli, asifikirie azimio 2773.

Na hapo kwenye gorila ndipo mimi nachoka kabisa. Gorila wa milimani wanaishi kwenye milima ya Virunga, na milima hiyo tunagawana sisi, Rwanda na Uganda. Mnyama hajui mpaka. Upande wa Rwanda mtalii analipa dola 1 500 kuwaona kwa saa moja. Upande wetu kuna Bukima, kuna Jomba, kuna hifadhi ya taifa ya Virunga iliyoanzishwa 1925, ya kwanza Afrika, ambayo mwaka 2025 ilitimiza miaka 100. Nani ataenda Bukima leo? Rumangabo, makao makuu ya hifadhi, iko kwenye eneo la M23 tangu 2022. Vijana wa Rutshuru waliokuwa wakiongoza watalii, akina mama waliokuwa wakiwauzia mboga na mayai, baadhi yao wako hapa Butembo wanaomba kazi ya kubeba matofali. Kwa hiyo lile tangazo linauza mlima ambao nusu yake imefungwa kwa bunduki, na mwenye nusu iliyofungwa analipa franga 500 kuingia nyumba ya video kulitazama.

Si sisi peke yetu tunaoliona. Kule kwao London kuna mashabiki wa Arsenal waliojiita Gunners for Peace. Mwaka 2025 waligawa vitambaa vya kufunika ule mkono wa jezi, na juu ya vitambaa wameandika Visit Tottenham. Mwenye kujua uadui wetu na Tottenham ataelewa ukubwa wa tusi hilo: afadhali kwenda huko kuliko kuvaa lile tangazo. Nilicheka mpaka machozi. Bayern Munich nao, waliosaini na Kigali mwaka 2023, Agosti 2025 walitangaza kwamba wanaacha upande wa matangazo na kubaki na mafunzo ya watoto. PSG kwa upande wao waliongeza mkataba Aprili, mpaka 2028. Arsenal mpaka Agosti 2025 walikuwa kimya, na mkono ulikuwa vilevile.

Lakini leo nina neno lingine, na hili ni la hapa kwetu.

Jumapili baada ya mechi, karibu na nyumba moja ya video, vijana watatu walimsimamisha mtoto wa madeplase aliyekuwa amevaa jezi ya Arsenal ya zamani, ya mitumba. Walimuita mtu wa adui. Walimvua ile jezi wakaipasua mbele yake, wakaenda wakisema wameonyesha uzalendo. Mtoto mwenyewe ana miaka kama 11. Anatoka Kirumba. Alikimbia mabomu, amelala njiani, na jezi ile ilikuwa moja ya nguo zake mbili. Mama yake aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: hawa vijana, wale wenye bunduki walipofika Kirumba, wao walikuwa wapi?

Nyinyi vijana mumeshajua nani ninawaambia. Mulimshinda mtoto. Kama munataka vita na Arsenal, andikieni Arsenal, anwani yao iko wazi kwenye intaneti na wanasoma. Kama muna hasira na serikali ya Kigali, ni haki yenu, lakini hata mkulima wa kule Musanze hakuulizwa kabla jina la nchi yake halijauzwa kwenye jezi, sembuse mtoto wa Kirumba. Na niseme wazi kwa sababu najua maneno haya yanakoelekea: leo munavua jezi kwa sababu ya neno lililoandikwa, kesho mutavua mtu shati kwa sababu ya pua yake au lugha anayosali. Tumeona hayo katika nchi hii. Sitayapatia nafasi kwenye kipindi changu.

Nikimaliza na vijana nageuka kwa wakubwa wetu wa Kinshasa. Februari, waziri wa mambo ya kigeni aliandikia Arsenal, Bayern na PSG, akawaomba wakate mikataba na Rwanda. Tulipiga makofi, mimi nikiwa mmojawapo. Hata miezi 6 haikuisha, serikali hiyo hiyo ikasaini na Monaco, ikasaini na AC Milan, na mwisho wa Julai na FC Barcelona. Mkataba wa Barcelona peke yake, kwa habari zilizotangazwa, ni zaidi ya yuro milioni 40 kwa miaka minne. Maneno RD Congo, Coeur d'Afrique, yatakaa mgongoni mwa nguo za mazoezi. Si hata jezi ya mechi, ni nguo za mazoezi!

Chukueni kalamu. Milioni 40 gawanya kwa miaka minne ni milioni 10 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365. Ni zaidi ya yuro 27 000 kila siku inayopambazuka, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mama anayelala na watoto wake chini ya bache iliyotoboka hapa Butembo ana haki ya kujua hesabu hiyo. Mwalimu ambaye darasa lake limekuwa nyumba ya familia nne naye ana haki.

Wanajibu kwamba ni kwa ajili ya utalii, na kwamba watoto wa Kongo watafundishwa mupira na makocha wa Barcelona. Utalii wa wapi? Bukima? Kahuzi-Biega? Na watoto gani? Wa Kinshasa, sitakataa, nao ni watoto wetu. Lakini gharama yote imebebwa na jina la Kongo, na jina hilo likitajwa nje leo, mtu anafikiria watu wa kwetu waliobeba magodoro kichwani. Kama Kigali ilikosea kununua sura nzuri wakati watu wanakufa, sielewi namna gani Kinshasa inafanya vema kwa kununua ya kwake dukani hapo hapo. Barua ya Februari imepoteza nguvu. Sasa Arsenal wakitaka kutujibu watasema tu: nanyi munalipa.

Kuna atakayeniambia basi acha Arsenal. Sitaacha. Miaka zaidi ya 20 haiachwi kwa sababu mkurugenzi fulani London alisaini karatasi. Kwanza, ekipe si ya mkurugenzi.

Ila mkono nitaufunika, na ninawaomba wana-Arsenal wa Butembo mufanye hivyo. Jumamosi hii tarehe 23 tunacheza na Leeds, nyumbani kwetu London, saa 12 na nusu jioni kwa saa za hapa. Washonaji wawili wamekubali kukaa nje ya studio yetu kuanzia saa 8 mchana na cherehani zao. Leta jezi yako na kipande cha kitambaa cha rangi yoyote, watashona juu ya yale maandishi. Kwa watoto wa madeplase hakuna malipo. Kwa wengine ni franga 1 000, na pesa hiyo tutanunua jezi ya yule mtoto wa Kirumba. Wale vijana watatu nao wanakaribishwa. Waje na 1 000 zao.